Hesabu ya Januari Katika Hori ya Mida

 

Leo nataka kuwataja watu ambao ni nadra kuwasikia katika taarifa ya habari. Kila Januari, jua la kaskazi likichoma, watu hawa hushuka pwani na darubini, daftari na chupa ya maji, wakasimama ukingoni mwa matope kwa muda wa saa tatu au nne, wakihesabu ndege. Hawalipwi. Miongoni mwao kuna walimu, wavuvi, vijana wanaoongoza watalii, na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne wakingoja matokeo. Ninaowajua zaidi ni wale wa hori ya Mida, ule mkono wa bahari unaoingia bara kusini mwa Watamu, kaunti ya Kilifi, ukakumbatiwa na mikoko. Nitakaa nao huko, ingawa mwezi huohuo wenzao wanahesabu kwa utaratibu mmoja katika nchi zaidi ya 100.

Aghalabu wa kwanza kuwauliza swali ni jirani anayepita na baiskeli yake. Hushusha mguu mmoja chini, akawatazama kwanza, kisha: "Sasa nyinyi, mkishawahesabu, mnawafanyia nini?" Ni swali la haki kabisa. Nimelisikia likiulizwa, nikasikia pia majibu ya haraka haraka yanayotolewa ili mtu aende zake, na naona jirani huyo anastahili jibu kamili. Basi nijaribu.

Tuanze na ndege wenyewe. Wengi wanaojaa Mida wakati wa kaskazi hawakuzaliwa hapa. Yupo kitwitwi mmoja mdogo, mwenye mdomo mweusi mrefu uliopinda kidogo kwa chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Huyu kiota chake kiko ncha ya kaskazini ya Siberia, katika nyika za rasi ya Taimyr na kandokando yake, nchi ambayo katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kabisa. Hufika huko Juni theluji inapoyeyuka. Dume hakawii: jike akishataga, yeye huanza safari ya kurudi kusini, akamwacha mwenzake aatamie na kulea. Jike naye huondoka vifaranga wakishajiweza. Na vifaranga wenyewe, wenye umri wa wiki chache tu, husafiri nyuma ya wazazi wao, hawana mtu mzima wa kuwaongoza, wakavuka nchi wasizozijua hadi wakatua kwenye tope ambalo hawajapata kuliona. Kuanzia Agosti na Septemba utawakuta Mida, na kule mlangoni mwa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi.

Sasa hebu jumlisha miezi yake. Siberia hukaa kama miezi miwili. Njiani, kwenda na kurudi, toa wiki kadhaa. Sehemu kubwa ya mwaka iliyobaki huipitisha barani Afrika, wengi wao wakiwa kwenye matope kama haya yetu. Anayekuja kwa mara ya kwanza huenda asirudi kaskazini mwaka wa kwanza, akabaki hapahapa kusi lote, mawimbi yakivuma nje ya mwamba. Watu wa nchi za baridi wamezoea kumwita ndege wao anayekimbia majira ya baridi. Mimi namhesabu kuwa mwenyeji wa Kilifi ambaye huenda Siberia kuzaa. Sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Ukimwona mtu analala kwako, anakula kwako, na ananenepea kwako miezi mingi kuliko popote pengine, basi una dhamana naye.

Ndiyo maana hesabu hufanywa Januari. Oktoba na Novemba ndege bado wako njiani, wa leo si wa kesho. Mwishoni mwa Machi wameanza kubadilika. Yule kitwitwi wa kijivu anageuka mwekundu wa tofali kifuani na tumboni, anakula mchana na usiku, anaongeza mafuta mwilini hadi wengine wanakaribia uzito maradufu, na kila jioni kikundi fulani hupaa juu kuliko kawaida kisha hakionekani tena. Lakini Januari wametulia. Anayehesabu Mida, anayehesabu Barr al Hikman kule Oman, na anayehesabu pwani ya Afrika Magharibi wakifanya kazi yao katika wiki zilezile, ni nadra ndege mmoja kuandikwa mara mbili. Utaratibu huu wa kimataifa ulianza mwaka 1967, na shirika la Wetlands International ndilo linalokusanya takwimu. Kwa Afrika mpango wake maalumu ulianza 1991. Hapa Kenya Makumbusho ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na chama cha Nature Kenya wamekuwa wakiusimamia, hasa katika maziwa ya Bonde la Ufa, na watu wa kujitolea ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Mwezi peke yake hautoshi. Lazima uijue bahari.

Mida ina ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi. Maji yakikupwa, hori nzima inakuwa tope, mchanga na vidimbwi, na ndege wametapakaa kila pembe wakila. Hapo hata uwe na darubini ya namna gani, huwezi kuwamaliza. Basi husubiriwa bamvua, siku za mwezi kuandama au mwezi mpevu, maji yanapojaa sana. Katika pwani yetu siku hizo maji hukupwa saa nne, saa tano za asubuhi, na hujaa kama saa kumi, saa kumi na moja jioni. Wahesabuji hufika mchana maji yameanza kurudi. Yanapanda taratibu kwenye mifereji, yanafunika tope, na kila yanapopiga hatua ndege nao wanasogea. Vikundi vya ishirini ishirini vinaungana vikawa vya mia. Kisha inabaki mikanda michache ya mchanga isiyofunikwa, na ndege wote waliokuwa wametawanyika hori nzima wamebanana hapo, wamesimama mguu mmoja, midomo imefichwa mgongoni. Una saa moja hivi, pengine pungufu.

Katika kuijua saa hiyo mvuvi humpita mwenye shahada. Nilikuwapo siku moja ambapo wanafunzi walikuwa wamejipanga mahali wakingoja ndege wasogee kwao, na ndege hawasogei. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu pembeni aliwatazama kwa muda. Kijana mmoja akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta wale weusi na weupe?"

"Ndio, mzee. Asubuhi walikuwa hapa."

"Asubuhi wanakula. Maji haya makubwa hawalali hapa. Zungukeni ule upande wa mdomo wa hori, kuna fungu halifunikwi. Na msiende nyote, wataruka."

Wakaenda watatu. Ndege walikuwa palepale alipowaelekeza, wamejipanga kwenye ukingo wa fungu. Tangu hapo mzee yule amekuwa akiulizwa mapema, na mimi naona jina lake lilipaswa kuandikwa katika ile safu ya wahesabuji, maana bila yeye karatasi ya siku ile ingesema hapana ndege.

Hao weusi na weupe nitawaeleza kidogo, kwa sababu ndio wanaonivuta mimi zaidi. Ni ndege mla-kaa, Dromas ardeola, urefu wake kama sentimita 40, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa pwani. Hutembea hatua chache, akasimama akakodoa macho, akakimbia ghafla na kumdaka kaa. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa humpiga na kumtikisa mpaka miguu inang'oka, kisha anakula kiwiliwili. Na ukitazama vizuri Januari, utaona karibu na huyo mkubwa yupo mwingine wa kijivu-kijivu, ameinama, analia bila kukoma, anamfuata kila anapokwenda. Ni mwanawe. Ndege wengi wa pwani huachana na watoto wao mapema, kama yule kitwitwi wa Siberia, lakini mla-kaa humlisha mtoto wake hata baada ya kusafiri naye hadi huku.

Na wanatoka wapi? Hawa hawatoki kwenye barafu. Wanazaa katika visiwa vya mchanga vya Ghuba, vya Oman na Bahari ya Shamu, na pwani ya Somalia, wakati wa joto kali. Huchimba shimo refu ndani ya mchanga, na mwishoni mwa shimo hilo jike hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia, hivyo wazazi wanaweza kwenda kutafuta kaa. Yai moja kwa mwaka ni uzao mdogo sana; kisiwa kimoja kikivamiwa na paka au panya, au watu wakiokota mayai msimu mmoja, pengo lake huchukua miaka kuzibika. Makadirio ya dunia nzima ni kati ya 60,000 na 80,000. Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliwajua watu wa Ghuba kwa majahazi yaliyoshuka na kaskazi. Ndege huyu hutumia pwani hiyohiyo, ila hangoji kaskazi. Wengi huwa wameshafika Mida kabla pepo hazijageuka. Kwa hiyo anayemhesabu mla-kaa hapa anahesabu pia mavuno ya visiwa vya kule. Idadi ya wale wa kijivu wanaolia inakwambia msimu wa Ghuba ulikuwaje.

Jambo hilohilo, tena la ajabu zaidi, liko kwa yule kitwitwi wa Siberia. Kule kwao kuna panya wadogo waitwao lemingi, ambao mwaka mmoja huongezeka kupita kiasi na mwaka unaofuata huadimika. Mbweha weupe wa barafuni hula lemingi. Lemingi wakijaa, mbweha hushiba, na viota vya ndege vinaachwa. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga, na mwaka huo karibu hapana kinda anayenusurika. Watafiti waligundua uhusiano huu kwa sehemu kubwa kutokana na watu waliokuwa Afrika ya kusini wakitazama wangapi kati ya ndege waliofika ni makinda na wangapi ni wakubwa. Hebu fikiria: mtu amesimama kwenye tope la Afrika, hajapata kuona theluji maishani mwake, na daftari lake lina habari za panya wa Siberia.

Lakini daftari hilo lina thamani tu kama limeandikwa kwa uaminifu, na hapa nataka nieleze kazi yenyewe inavyofanywa, kwa kuwa wengi hudhani ni kukadiria kwa macho tu. Wahesabuji hufanya kazi wawili wawili, mmoja ana darubini ya miguu mitatu, mwingine ni karani. Mwenye darubini hatoi jicho. Anasema, karani anaandika. Kundi dogo huhesabiwa mmoja mmoja. Kundi kubwa lina njia yake: unahesabu kumi kwa makini, unalizoesha jicho lako ukubwa wa hao kumi, kisha unapima kundi zima kwa kumi kumi, na likiwa kubwa zaidi, kwa mia. Kisha unarudia kutoka upande wa pili. Ukipata 430 ulipoanza kushoto na 460 ulipoanza kulia, umefanya vizuri. Ukipata 430 na 700, anza upya. Wahesabuji wapya karibu wote hukosea kwa kupunguza, maana ndege wa nyuma hufichwa na wa mbele.

Na mara nyingine unafika 380, kozi anapita juu, na hori yote inanyanyuka. Maelfu ya mbawa yanageuka pamoja, meupe, kisha kijivu, kisha meupe. Watalii hushangilia. Mhesabuji anafuta mstari, anangoja watue, anaanza na moja.

Kuna jaribu lingine gumu kuliko hilo. Januari vitwitwi karibu wote wamevaa rangi moja ya tope. Wapo wa aina mbili, mkubwa na mdogo, wenye kifua cheupe na mgongo wa udongo, ambao tofauti yao ni urefu wa mdomo na miguu, kwa milimita. Wakiwa karibu unawatenganisha. Wakiwa mbali, joto linatetemesha hewa juu ya mchanga, huwezi. Mtu anayetaka kuonekana hodari atawagawanya tu: hawa 200, hawa 150. Mhesabuji mzuri ataandika: vitwitwi wasiotambuliwa, 350. Nimemwona msichana wa shule akiandika hivyo mbele ya watu wazima waliokuwa wakimhimiza achague, na nikajua kwamba takwimu za Mida ziko mikononi salama.

Kazi ya namna hii ya kujitolea ina historia. Huko Marekani, zamani, palikuwa na desturi siku ya Krismasi wanaume wajigawe pande mbili waende kuwinda, na upande uliorudi na mizoga mingi zaidi ndio mshindi. Waliua kila chenye manyoya. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege aliyeitwa Frank Chapman, aliyefanya kazi katika makumbusho ya elimu viumbe ya New York, akatoa rai kupitia jarida lake: siku hiyohiyo watu watoke, waende hukohuko porini, lakini wahesabu badala ya kuua. Tarehe 25 Desemba mwaka huo watu 27 waliitikia, katika maeneo 25 ya Marekani na Kanada. Hesabu hiyo haijakatika hadi leo, na wanaoshiriki sasa ni makumi ya maelfu. Kwetu Kenya tuna mfano wa nyumbani wa uvumilivu wa aina hiyo: matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi mjini Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, ambayo yamewafunza watu wengi kutambua ndege kabla hawajashika daftari.

Ninayasisitiza haya ya kutokatika kwa sababu hesabu ya mwaka mmoja haina maana kubwa. Leo umepata mla-kaa 300. Ni wengi au ni wachache? Hujui, mpaka uwe na ya mwaka jana, ya mwaka juzi, na ya miaka kumi nyuma, zote mahali palepale, maji yaleyale, njia ileile. Mvua, upepo na makosa ya binadamu huzipandisha na kuzishusha namba kila mwaka, lakini miaka ikiwa mingi, mwelekeo hujitokeza wenyewe.

Na daftari la miaka mingi likikosekana, hutokea nini? Kulikuwa na ndege wa jamii ya sululu, mdomo mrefu mwembamba uliopinda, ambaye wataalamu walimwita Numenius tenuirostris. Alizaa Siberia na alipitisha baridi pwani za Bahari ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Viota vyake vilipata kuonekana na mtu mmoja tu, Valentin Ushakov, karibu na mji wa Tara, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndege huyu alipigwa risasi, mabwawa yake yalikaushwa, na kwa miaka mingi hapana aliyekuwa na daftari la kuonyesha anapungua kwa kasi gani. Watu walimchanganya na sululu wengine wanaofanana naye. Utaratibu wa Januari ulipoenea vya kutosha, waliobaki walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mara ya mwisho alionekana kwa uhakika Februari 1995, kwenye wangwa la Merja Zerga nchini Morocco. Mwaka 2025 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani.

Ndugu zake wako Mida. Sululu wetu hulala juu ya mikoko maji yakijaa, utawasikia wakipiga mluzi jua linapozama. Na hali ya baadhi ya majirani zao si nzuri. Oktoba 2024, katika orodha ya viumbe walio hatarini, yule kitwitwi wa Siberia aliingizwa katika daraja la walio katika hatari ya kutoweka, pamoja na kiparara mkubwa wa kijivu ambaye mtu yeyote aliyepita Mida au Sabaki amemwona amesimama peke yake kwenye tope. Ushahidi uliotumika kufikia uamuzi huo ulikuwa ni hesabu za miaka mingi, zilizofanywa na watu wa kujitolea katika pwani mbalimbali.

Hapa sasa nimrudie yule jirani wa baiskeli, kwa sababu anaweza kusema: sawa, ndege wanapungua, na mimi je?

Ninamjibu hivi. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971, unasema kwamba ardhi oevu inayohifadhi kwa kawaida asilimia moja ya idadi yote ya aina fulani ya ndege wa maji ina umuhimu wa kimataifa. Kama mla-kaa wote duniani ni 70,000, asilimia moja ni 700. Delta ya Tana, jirani yetu wa kaskazini, iliorodheshwa chini ya mkataba huo mwaka 2012, na hesabu za ndege ni sehemu ya sifa zilizoipatia nafasi hiyo. Mida nayo iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu tangu 1968. Hata hivyo tangazo la serikali halizuii peke yake panga kukata mkandaa, wala halizuii mtu mwenye mchoro wa hoteli kusema kwamba mahali hapa hapana kitu, ni tope tupu. Maneno hayo, "ni tope tupu", ndiyo yanayoniuma kuliko yote. Tope hilo lina kaa, kamba na minyoo wanaolisha ndege, na mikoko yake ndiyo kitalu cha samaki wachanga ambao kesho ni kitoweo cha vijiji vya Uyombo na Dabaso. Anayekuja na mchoro ana karatasi. Mwenye kijiji naye awe na karatasi yake, yenye tarehe, saa na idadi, ya miaka ishirini.

Isitoshe, ndege hawa wanasomesha watoto. Daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko ya Mida hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege ni sehemu ya mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, ambao fedha zake huwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mgeni anayelipa kupita pale amekuja kumwona mla-kaa. Mla-kaa akihama, daraja litabaki, lakini karo itatoka wapi?

Kwa hiyo kuna jambo moja ninalolidai, na ninalidai kwa niaba ya kila aliyewahi kusimama matopeni: namba zirudi nyumbani. Ni kawaida mno kwa fomu kujazwa pwani, kupelekwa mjini, kisha ng'ambo, na wenye pwani wasisikie tena. Mwanafunzi aliyehesabu Januari awe na karatasi ya matokeo ukutani mwa shule yake. Isomwe kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili na Kigiriama, mwaka huu hivi, mwaka jana hivi. Kikundi cha wavuvi kikabidhiwe nakala. Watu wakiambiwa idadi ya ndege wao imeshuka kwa nusu, wao wenyewe ndio watakaojua sababu kabla ya mtafiti: fungu limeanza kuendeshewa pikipiki, mikoko ya upande fulani imekatwa, mbwa wameongezeka. Mtafiti akija baada ya miaka mitano atakuta jibu limeshapatikana.

Na kuna hesabu nyingine ambayo bado haina watu. Katika maziwa ya Bonde la Ufa ndege huhesabiwa tena Julai. Pwani, Julai ni kusi, bahari chafu, watalii wachache, na wengi hudhani ndege wote wamekwenda zao. Hawajakwenda wote. Wale makinda niliowataja, waliofika kwa mara ya kwanza Septemba, wengi wao wako palepale matopeni na rangi yao ileile ya kijivu. Wakiwa wengi Julai, ujue mwaka uliopita ulizaa vizuri. Wakikosekana miaka mitatu mfululizo, hiyo ni habari mbaya ambayo Januari ingechelewa kuisema, kwa sababu Januari wakubwa wanaoishi miaka mingi huficha upungufu wa wadogo. Kazi ya Julai haihitaji umati. Kwa Mida watu sita wanatosha, na kwa mlango wa Sabaki wanne. Tazama jedwali la maji, chagua siku ya bamvua, fika saa nane mchana. Chukua koti la mvua, na penseli badala ya kalamu, maana wino hutoka karatasi ikilowa. Ukiwa huna darubini, kuwa karani. Na ukiwa uko Msambweni, Tanga au Pemba, una fungu lako karibu na kwako ambalo huenda halijapata kuhesabiwa Julai hata mara moja. Andika tarehe, saa, hali ya maji na idadi, na kama hukumwona ndege hata mmoja, andika sufuri, na Julai ijayo urudi palepale.